Mnyoo wa Plastiki na Besi wa Naivasha: Namna ya Kuchagua Chambo Laini

Chambo cha bandia ni kitu kisicholika ambacho mvuvi hukitia kwenye ndoana ili samaki adhani kuwa ni chakula, na miongoni mwa vyambo vyote vya aina hiyo hakuna kilicho sahili kwa sura kuliko mnyoo wa plastiki, yaani kipande laini na chembamba, chenye urefu wa kiganja au pungufu ya hapo, kisicho na manyoya, bati wala mapambo ya kumetameta. Usahili huo ndio unaowapoteza wengi, kwa kuwa anayeingia katika duka la vifaa vya uvuvi hukutana na minyoo ya kila namna inayotofautiana kwa mambo madogo madogo, akaishia kuchagua kwa kufuata rangi iliyompendeza yeye badala ya kumfikiria samaki. Rangi ndiyo inayopaswa kuangaliwa mwisho. La kwanza ni ulaini wa mnyoo, la pili ni jinsi unavyozama, na mengine yote hupata maana baada ya hayo mawili kutimia.

Samaki ambaye minyoo hii ilibuniwa kwa ajili yake ni besi wa mdomo mkubwa, ambaye wanasayansi humwita Micropterus salmoides, naye ni mwindaji wa maji yasiyo na chumvi mwenye asili ya Amerika Kaskazini, ambaye taya lake la juu hurudi nyuma hadi kulipita jicho. Mkubwa kuliko wote waliothibitishwa alikuwa na uzito wa kilo 10 na kitu, na uzito huo umefikiwa mara mbili tu: mara ya kwanza katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1932, kwa mkono wa George Perry, na mara ya pili katika Ziwa Biwa nchini Japani, mwaka 2009, kwa mkono wa Manabu Kurita. Kwamba Mjapani aliweza kulingana na Mmarekani kwa samaki wa Kimarekani kunaonyesha jinsi besi alivyosafirishwa mbali na kwao katika karne ya 20, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizompokea mapema.

Alifikishwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929, wakati wa ukoloni, kwa lengo la kuwapa walowezi samaki wa kuvua kwa burudani, miaka michache baada ya tilapia kupandikizwa ziwani humo mwaka 1925. Ziwa hilo, lililo kwenye sakafu ya Bonde la Ufa katika mwinuko wa karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, lilikuwa karibu tupu kwa upande wa samaki, kwa hiyo aliyeletwa alipata nafasi kubwa ya kuzaana bila mshindani. Uvuvi wa biashara ulipoanza mwaka 1959, besi alikuwa miongoni mwa samaki waliotegemewa sokoni, na mwaka 1970 akaongezewa chakula kipya ambacho huko alikotoka ni cha kawaida, yaani kamba mwekundu wa maji yasiyo na chumvi mwenye asili ya Louisiana. Uchunguzi wa matumbo ya besi wa Naivasha ulionyesha mgawanyo ambao kila mvuvi anapaswa kuukumbuka anaposhika mnyoo: besi wadogo hula zaidi wadudu wa majini, na wakubwa huwaelekea kamba. Maana yake ni kwamba katika ziwa hilo chakula kingi cha besi huwa ni kidogo kwa umbo na kinapatikana karibu na sakafu au ndani ya majani, na mnyoo mwembamba unaoshuka polepole unafanana nacho kuliko kijisamaki cha mbao kinachovutwa mbio juu ya maji.

Ili kuelewa kwa nini ulaini unatangulia, inafaa kuangalia namna besi anavyokula. Huyu hamfukuzi windo kwa umbali mrefu. Hujibanza kando ya gogo, mafunjo au kivuli, na windo likikaribia hufungua kinywa ghafla, maji yakaingia kwa nguvu pamoja na kilichomo ndani yake. Hukiona kitu kwa macho, na pia hukihisi kwa mstari wa ubavuni, ambao ni safu ya vitundu vyenye neva inayopita kando ya mwili wa samaki na kunasa mitikisiko midogo ya maji. Hana mikono ya kupapasia, hivyo kinywa chenyewe ndicho kipimo chake cha mwisho, na akihisi kitu kigumu hukitema kabla mvuvi hajatambua kwamba kuna kilichotokea. Mnyoo laini hupita katika mitihani hiyo yote kwa pamoja, kwa sababu hutikisika bila kuvutwa, huingia kinywani kwa urahisi maji yanapovutwa, na ukibanwa na taya hubonyea kama mwili wa kiumbe halisi, jambo linalompa mvuvi nukta moja au mbili zaidi za kukaza mshipi.

Namna ya uvuvi inayotegemea mnyoo huo inaweza kuitwa uvuvi wa upole. Vifaa vyake ni ufito mwembamba unaopinda hadi karibu na mkono, mshipi wa kubeba kilo tatu hivi au nne, ndoana ndogo yenye chuma chembamba na ncha kali, na chubwi, yaani kile kipande cha risasi cha kuzamishia, chenye uzito wa gramu chache tu. Upole huo ulikuzwa sana Japani na katika maziwa ya magharibi mwa Marekani, ambako maji ni maangavu na wavuvi ni wengi, na samaki aliyekwisha kuchomwa na ndoana mara kadhaa huogopa kitu kikubwa chenye kelele. Ni njia ya kumvua samaki asiye na hamu ya kula, na kwa sababu hiyo humdai mvuvi subira ambayo vyambo vya kasi havimdai.

Mnyoo wa plastiki wenyewe ulizaliwa mwaka 1949 huko Akron, katika jimbo la Ohio, mji uliojulikana kwa viwanda vya matairi, pale fundi mitambo Nick Creme na mkewe Cosma walipofanikiwa kumimina plastiki ya majimaji katika kalibu yenye umbo la nyungunyungu. Malighafi inayotumika hadi leo katika minyoo mingi ni unga wa polivinili kloridi, ambayo ndiyo plastiki ya mabomba ya maji, uliochanganywa na mafuta ya kulainisha. Mchanganyiko huo ukipashwa moto hadi karibu nyuzi 177 za Selsiasi huungana, na ukipoa hubaki kitu cha kunyumbuka. Bomba la maji na mnyoo wa kuvulia ni ndugu wa karibu, na kinachowatenganisha ni yale mafuta, kwa kuwa yakipungua mnyoo hukakamaa, na yakizidi hulainika hadi kuchanika kwa samaki mmoja.

Hapo ndipo uchaguzi unapoanzia, nao hauhitaji kifaa chochote. Mnyoo hushikwa kwenye ncha moja kwa vidole viwili, ukaachwa uning'inie, kisha mkono ukatikiswa kidogo sana, kiasi cha mtetemo wa mtu anayeshika kikombe cha chai iliyojaa. Mnyoo unaofaa kwa uvuvi wa upole huendelea kuyumba baada ya mkono kutulia, na ncha yake ya chini ndiyo ya mwisho kusimama. Usiofaa husimama papo hapo. Wanaouza mara nyingi husifu uimara wa bidhaa zao, na ni kweli kwamba mnyoo mgumu hudumu kwa samaki wengi zaidi, lakini sifa hiyo haina faida iwapo samaki hao hawaji. Mwenye fedha kidogo hunufaika zaidi kwa kununua pakiti moja laini kuliko pakiti tatu ngumu.

Jambo la pili, la kuzama, ndilo linalostahili kufikiriwa kwa kina kuliko yote, kwa sababu besi wengi humeza mnyoo unapokuwa unashuka, kabla mvuvi hajauvuta hata mara moja. Plastiki laini isiyoongezwa kitu ina uzito unaokaribia ule wa maji yenye ujazo sawa nayo, kwa hiyo huzama kwa uvivu mno au hata kuelea. Watengenezaji waligundua kwamba wakichanganya chumvi ya kawaida ndani ya plastiki, mnyoo hupata uzito bila chubwi, kwa kuwa chumvi ni nzito zaidi ya mara mbili ya maji. Wavuvi wengi huamini kwamba chumvi hiyo inampendeza samaki kwa ladha yake na kumfanya akawie kuutema mnyoo, na huenda wako sahihi, ila faida yake isiyo na shaka ni ile ya uzito. Katika miaka ya 1990 Gary Yamamoto alileta sokoni mnyoo mnene wenye umbo la kijiti, ulioitwa Senko, uliojaa chumvi na usio na mkia wa kupepea. Anayeutazama mkononi huona kitu kisicho na uhai, lakini ukiachwa majini bila chubwi hushuka ukiwa umelala, huku ncha zake zote mbili zikitetemeka. Mtetemo huo mdogo wa kushuka uliwafunza wavuvi wengi kwamba chambo kinaweza kufanya kazi mvuvi akiwa ametulia kabisa.

Chumvi, hata hivyo, ina gharama yake, kwani chembe zake hukata muungano wa plastiki, na kadiri inavyoongezwa ndivyo mnyoo unavyokuwa mwepesi wa kuchanika. Ndiyo maana zimetokea plastiki za aina nyingine zenye asili ya mpira, zinazoitwa elastoma, ambazo huvutika mara nyingi ya urefu wake bila kukatika na ambazo, zisipotiwa chumvi, huelea. Mnyoo unaoelea una matumizi yake maalumu: ukichomekwa kwenye ndoana iliyoungwa na kichwa kidogo cha risasi, kichwa hukaa sakafuni na mnyoo husimama wima, ukipepesuka kwa mkondo mdogo kabisa, mfano wa kamba anayeinua magando kujihami. Mtindo huo, unaotumia kipande kifupi cha sentimita saba hivi, umepewa jina la Ned Kehde, mwandishi wa uvuvi wa jimbo la Kansas. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si kama mnyoo ni mzuri, bali ni kama unazama au unaelea, na ikiwa hajui, bilauri ya maji itatoa jibu.

Urefu na unene hufuata. Kwa uvuvi wa upole minyoo mingi ina urefu wa kati ya sentimita 10 na 15, na ile ya mtindo wa Ned huwa mifupi zaidi. Mwembamba huonekana kidogo, nao hufaa katika maji maangavu na kwa samaki waliojificha. Mnene husukuma maji mengi zaidi na hivyo huhisiwa kwa mstari wa ubavuni pale ambapo macho hayafiki mbali. Kuhusu mkia, ule ulionyooka hutegemea ulaini wa mnyoo peke yake, ilhali uliojikunja kama mundu hupepea kila mnyoo unaposogea, na kwa sababu hiyo huhitaji mwendo ili ufanye kazi. Anayeanza huvutiwa na mkia wa mundu kwa kuwa anauona ukicheza, lakini chambo kitakaa majini bila kusogezwa kwa muda mrefu kuliko kitakavyosogezwa, na katika muda huo wa utulivu mkia ulionyooka wa mnyoo laini hucheza zaidi.

Ndipo ije rangi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walipowapima besi kwa shabaha zenye rangi mbalimbali, walikuta kwamba samaki hao hutambua vizuri nyekundu na kijani, ila huchanganya buluu iliyokolea na nyeusi, na njano-kijani inayong'aa na nyeupe. Macho yao yana aina mbili tu za chembe za kupokea rangi, wakati ya binadamu yana tatu. Hilo linaondoa uzito katika mijadala mingi ya dukani, kwa kuwa rangi mbili ambazo mnunuzi anazihangaikia huenda kwa samaki ni moja. Kinachobaki ni utofauti wa kivuli kati ya mnyoo na maji: katika maji maangavu huchaguliwa rangi inayopitisha mwanga kiasi, kama ya chai hafifu au ya ganda la boga bichi, na katika maji ya tope huchaguliwa nyeusi au buluu iliyokolea, ambayo huchora umbo lililo wazi mbele ya mwanga unaotoka juu. Rangi ya kahawia yenye wekundu inafaa palipo na kamba. Mvuvi mwenye aina hizo tatu ametosheka. Kuhusu harufu, yaani mafuta ya bizari tamu au ya vitunguu saumu yanayopakwa kwenye minyoo, yatosha kusema kwamba husaidia kufunika harufu ya mikono na ya petroli ya mashua, na kwamba hayaponyi kasoro ya mnyoo mgumu.

Mnyoo uliochaguliwa vizuri unaweza kuharibiwa na namna ulivyotiwa ndoana. Katika mtindo wa chubwi ya chini, chubwi hufungwa mwishoni mwa mshipi na ndoana hufungwa juu yake kwa umbali wa mkono mmoja au nusu yake, hivyo mnyoo huning'inia juu ya sakafu na hutikiswa mahali pamoja; hapa hufaa mnyoo mwembamba ulionyooka, uliochomwa puani tu. Katika mtindo wa ndoana ya katikati, mnyoo wa kijiti huchomwa kwenye kiuno chake na kuachwa uzame ncha zote mbili zikipiga kama mbawa, nao huwaua samaki wengi na minyoo mingi pia, kwa kuwa kiuno huchanika upesi isipokuwa kikivishwa pete ndogo ya mpira. Wajapani waliuboresha kwa kuchomeka msumari mdogo wa risasi katika ncha moja, ili mnyoo ushuke kichwa chini kama unaodonoa sakafu, wakauita Neko. Mtindo wa Texas ni wa kuvulia penye vizuizi: ncha ya ndoana hupitishwa kichwani kisha ikazikwa mwilini mwa mnyoo, isishike majani mpaka samaki abane.

Naivasha, kwa hali yake ya sasa, inamwelekeza mvuvi kwenye huo wa mwisho. Ufuo wa ziwa hilo umezungukwa na mafunjo, na visiwa vya gugumaji huelea kufuata upepo, vikifunga asubuhi njia iliyokuwa wazi jioni. Maji nayo si yale ambayo mabingwa wa uvuvi wa upole huyapiga picha. Udongo unaoletwa na mito umeyatia ukungu, na samaki aina ya karpu, ambaye alionekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na baadaye akatawala mavuno ya wavuvi, hutibua tope anapotafuta chakula sakafuni. Besi anayewinda kwa macho ameumizwa na mabadiliko hayo, na hayuko kwa wingi kama zamani. Minyoo iliyobuniwa kwa ajili ya maziwa yenye maji kama kioo haipaswi kuchukuliwa kama ilivyo na kupelekwa huko. Katika maji hayo inafaa kubaki na upole wa mwendo na kuacha wembamba: mnyoo laini wa sentimita 12 au 15, mnene kidogo, mweusi au wa kahawia yenye wekundu, uliotiwa chumvi, uliofichwa ndoana kwa mtindo wa Texas, wenye chubwi ndogo au usio nayo kabisa, unaoangushwa katika vijia vilivyo kando ya mafunjo na kuachwa ufike chini bila haraka. Mshipi pia huongezwa nguvu hapo, kwa kuwa besi aliyekamatwa hukimbilia mashina, na mshipi wa kilo tatu hautamrudisha.

Kwa wasomaji wa Matuu, mji ulio kwenye barabara ya kutoka Thika kwenda Garissa, maji makubwa ya karibu ni yale ya Bwawa la Masinga juu ya Mto Tana, lililokamilika mwaka 1981 na ambalo ndilo la juu kabisa katika mfululizo wa mabwawa ya umeme ya mto huo, na yale madogo ni ya Mfereji wa Yatta, uliochimbwa katika miaka ya 1950 kwa nguvu za mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari na unaotoa maji Mto Thika kuyaleta kwenye nyanda kavu. Samaki wanaotarajiwa Masinga ni tilapia, karpu na kambare, na inafaa kusemwa wazi kwamba mnyoo wa plastiki si chambo cha samaki hao. Kambare ana ndevu nane zilizojaa vionjeo, naye hutafuta chakula gizani na katika tope kwa kunusa na kuonja, kwa hiyo kipande cha plastiki, hata kikitetemeka namna gani, kwake ni kama jiwe. Nyungunyungu wa kweli, utumbo wa kuku au kipande cha sabuni humwita kutoka mbali. Tilapia ana mdomo mdogo, na donge la ugali kwenye ndoana ndogo linamtosha. Kinachoweza kuhamishwa kutoka Naivasha kuja Masinga ni kanuni, si chambo: nyungunyungu aliye hai, aliyechomwa mara moja tu karibu na kichwa na kushushwa kwa chubwi ndogo, huendelea kujinyonganyonga, wakati aliyekunjwa kama fundo juu ya ndoana nene na kuzamishwa na kipande kizito cha chuma amekufa kabla ya kufika chini. Anayesimama kando ya bwawa hilo kwa subira inayohitajika asisahau kwamba lina mamba, na kwamba mahali pa kusimama ni mbali na ukingo wenye majani.

Jua la ukanda huu lina athari nyingine kwa anayehifadhi minyoo ya plastiki nyumbani. Joto huyavuta mafuta ya kulainisha yakatoka nje, na mnyoo ulioachwa kwenye dashibodi ya gari mchana mmoja huharibika umbo, ukabaki umepinda, na mnyoo uliopinda huzunguka majini na kuusokota mshipi. Minyoo ya polivinili na ile ya elastoma isiwekwe pamoja kamwe, kwa sababu mafuta ya moja huiyeyusha nyingine hadi zikawa ujiuji, na visanduku vya plastiki ngumu navyo huweza kuliwa na mafuta hayo. Pakiti ya asili, iliyolazwa bila kukunjwa mahali penye kivuli, ndiyo hifadhi bora. Wapo wanaoyeyusha minyoo iliyochakaa ili kutengeneza mipya, lakini polivinili kloridi ikipita kiasi cha joto hutoa mvuke wenye asidi unaochoma mapafu, na jiko la chakula si mahali pa kazi hiyo hata kidogo.

Mnyoo uliochanika hauozi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwezi Agosti 2017 kwa sababu ambazo kila anayeishi kando ya mto anazifahamu, na ingawa mnyoo wa kuvulia si mfuko, ukitupwa ziwani hukaa huko miaka mingi, ukinyonya maji na kuvimba, na samaki anayeumeza hubaki nao tumboni bila kuumeng'enya. Vipande vilivyokwisha kazi vinarudi nyumbani na mvuvi, jambo ambalo halimgharimu zaidi ya mfuko wa shati.

Kuna wazo linalowajia wengi wanapokosa samaki wa kupambana naye karibu na nyumbani, nalo ni kubeba besi wachache wakiwa hai na kuwatia katika silanga, yaani bwawa la shamba la kukinga maji ya mvua. Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya mwaka 2016 inataka kibali kabla ya samaki mgeni kupelekwa katika maji mapya, na historia ya Naivasha inaonyesha sababu. Kabla ya kuletwa tilapia na besi, ziwa hilo lilikuwa na samaki wake mmoja wa asili, mdogo kama kidole, aliyeitwa Aplocheilichthys antinorii. Mara ya mwisho alionekana mwaka 1962, na besi, mlaji wa samaki wadogo, ametajwa miongoni mwa waliomwondoa. Silanga ni mfumo mdogo kuliko ziwa, mafuriko ya msimu mmoja hutosha kuliunganisha na mto, na mto wa huku unaelekea Tana.

Basi anayemtaka besi humfuata Naivasha, akiwa na leseni ya uvuvi, na safari hiyo ni ndefu kiasi cha kumfanya asiende na chambo asichokijua. Uchaguzi unaweza kukamilishwa nyumbani Matuu kwa ndoo ndefu ya maji safi iliyowekwa penye mwanga. Kila mnyoo hutiwa ndoana itakayotumika, hushikwa juu ya uso wa maji ukiwa umelala, kisha huachiwa, huku mtazamaji akihesabu kimoyomoyo hadi uguse chini na kuangalia ncha zake zinafanya nini njiani. Unaoporomoka kama msumari hupunguzwa kasi kwa kupunguziwa chubwi au kubadilishiwa ndoana nyepesi, na ukiwa bado umekakamaa huwekwa kando. Unaoshuka polepole, ukiwa mlalo, ncha zote mbili zikitetemeka hadi kwenye sakafu ya ndoo, ndio unaorudishwa katika pakiti kwa ajili ya ziwa.